Amevunja Ungo, Ubongo Ndio Kwanza Unajengwa

Balehe huanza usiku. Miezi mingi kabla mama hajaona kifua cha bintiye kikivimba, kabla dada hajaicheka sauti ya mdogo wake inayokwaruza, ubongo wa mtoto aliyelala huanza kutoa ishara ambayo ulikuwa umeinyamazisha tangu alipokuwa mchanga. Ishara hiyo hutoka katika haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini kabisa ya ubongo, na huja kwa mapigo: homoni kidogo, kisha kimya cha saa nzima au zaidi, kisha pigo jingine. Kila pigo huiamsha tezi ya pituitari, nayo pituitari huziamsha ovari za msichana au korodani za mvulana. Mwanzoni hayo yote hutokea usingizini tu. Kukipambazuka mwili umetulia. Mtoto anaoga, anakunywa uji, anakwenda shule. Baadaye mapigo huenea hadi mchana, na hapo ndipo nyumba nzima inapogundua kuwa kuna mtu anakua.

Kinachoanzisha mapigo hayo ni protini iitwayo kisspeptini. Jeni yake iligunduliwa mwaka 1996 katika mji wa Hershey, Pennsylvania, na watafiti wakaipa jina linalotokana na chokoleti maarufu ya mji huo. Walikuwa wakichunguza saratani, habari za balehe hawakuwa nazo. Mwaka 2003 ndipo makundi mawili ya wanasayansi yalipoonyesha kwamba mtu ambaye kipokezi cha protini hiyo kina hitilafu habalehi. Ubongo husikiliza pia habari za chakula: seli za mafuta hutoa homoni ya leptini, inayouarifu kuwa akiba ya mwili inatosha. Ndiyo maana mtoto mwenye utapiamlo huchelewa. Na ndiyo maana huko Ulaya, ambako katikati ya karne ya 19 wasichana wengi walivunja ungo wakiwa na miaka 16 au 17, kufikia miaka ya 1960 walikuwa wakivunja ungo na miaka 13 hivi. Chakula kilikuwa kimeongezeka na maradhi ya utotoni yamepungua.

Leo madaktari huona ni kawaida msichana kuanza kubalehe wakati wowote kati ya miaka 8 na 13, na mvulana kati ya miaka 9 na 14. Kwa hiyo ndani ya darasa moja la sita wamo watoto waliozaliwa mwaka mmoja, mmoja akiwa bado mdogo kabisa wa umbo, mwingine akimzidi mwalimu wake kimo.

Kwetu mwili huo ndio unaosomwa. Binti aliyevunja ungo mwezi uliopita anaambiwa ameshakuwa mtu mzima. Anaondolewa kwenye rede na kombolela, anapewa maneno mazito ya wakubwa, na wanaume wa kijiweni waliokuwa wakimtuma vocha dukani wanaanza kumsalimia kwa sauti nyingine. Mvulana mwenye ndevu tatu kidevuni anaambiwa mwanaume halii, na akikosea anaadhibiwa kama mtu aliyejua vema alichokuwa akifanya. Watoto hawa wanahukumiwa kwa kimo na kwa kifua, wakati elimu ya ubongo iliyokusanywa kwa zaidi ya miaka thelathini inatuonyesha kwamba balehe ndio wakati ambao kazi kubwa kichwani inaanza, na kazi hiyo itachukua miaka kumi au zaidi.

Kwa muda mrefu hata wataalamu hawakulijua hilo. Mtoto wa miaka sita ubongo wake umeshafikia karibu asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, basi ilidhaniwa ujenzi umekwisha. Mwaka 1979 Peter Huttenlocher wa Chicago alichapisha matokeo ya kazi ya uvumilivu mkubwa. Alichukua ubongo wa watu waliofariki wakiwa na umri mbalimbali, akahesabu chini ya hadubini sinapsi, yale maungio ambayo seli za neva hupokezana habari. Watoto wadogo walikuwa nayo mengi kuliko watu wazima, mengi sana. Mahali fulani kati ya utoto na utu uzima maungio yalikuwa yakipotea.

Miaka ishirini baadaye Jay Giedd na wenzake, katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, waliweza kuliona jambo hilo kwa watoto walio hai. Waliwapiga picha za MRI watoto walewale kila baada ya miaka miwili hivi, wakiwafuatilia wanavyokua. Ripoti yao ya mwaka 1999 ilionyesha kwamba tabaka la kijivu katika sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, huongezeka hadi kufikia kilele karibu na miaka 11 kwa wasichana na 12 kwa wavulana, kisha huanza kupungua. Yaani pale balehe inaposhika kasi.

Mkulima wa mahindi hatashangaa. Hufukia mbegu tatu nne katika shimo moja, zikichipua huangalia miche iliyoshika vizuri, mingine huing'oa ili iliyobaki ipate nafasi. Ubongo wa kijana hufanya hivyo na maungio yake, na kinachoamua lipi libaki ni matumizi. Maungio yanayotumika kila siku huimarika, yaliyoachwa hunyauka. Wakati huohuo nyuzi ndefu za neva zinazounganisha sehemu za mbali za ubongo huvikwa mayelini, utando wa mafuta unaoweza kuongeza kasi ya ishara hadi mara mia. Kazi hiyo huanzia nyuma kuja mbele. Sehemu za kuona, kusikia na kuendesha viungo hukamilika mapema. Ya mwisho kabisa ni ile ya mbele, inayopima matokeo, inayozuia mkono uliokwisha kunyanyuka, inayoshika mpango wa mwezi ujao wakati leo kuna raha.

Kwa hiyo anachokifanya mtoto wa miaka 13 kwa saa nyingi, awe anahifadhi juzuu madrasani, anapiga danadana uwanjani, anatatua hesabu au anatetemeka kwa hofu ya baba anayerudi amelewa, kinashika kwa namna ambayo huenda kisishike tena akiwa na miaka 30. Wazazi wengi huuona umri huu kama homa ya kuvumiliwa mpaka ipite. Mimi nauona kuwa ndio wakati ambao mtoto anahitaji watu wazima wengi zaidi karibu naye, na ndio wakati tunaomwacha peke yake kwa sababu tunadhani ameshakua.

Je, kazi hii ni ya homoni, au ni ya miaka tu kupita? Swali hilo ni gumu kwa binadamu, maana umri na balehe hutembea pamoja. Ndiyo sababu watafiti hutumia hatua tano za balehe zilizowekwa na daktari Mwingereza James Tanner, aliyefuatilia kwa miaka mingi ukuaji wa watoto wa makao yaliyokuwa Harpenden. Wakilinganisha watoto wa umri mmoja walio katika hatua tofauti, wanaona kwamba baadhi ya sehemu za ndani za ubongo, hasa amigdala inayoshughulika na hofu na hisia kali, na hipokampasi inayoshughulika na kumbukumbu, hubadilika kufuata hatua ya balehe pia, mbali na kufuata siku ya kuzaliwa.

Ushahidi mzito zaidi umetoka kwa wanyama. Cheryl Sisk, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, alifanya kazi na hamsta, mnyama wa jamii ya panya. Dume aliyekosa testosteroni wakati wa balehe, hata akipewa homoni hiyo kwa wingi baada ya kuwa mtu mzima wa kihamsta, hakuweza kuishi na wenzake kama dume aliyeipata kwa wakati wake; kujamiiana kwake kulipungua na namna yake ya kukabiliana na madume wengine ilikuwa na kasoro. Homoni ilikuwapo, ila ubongo ulikuwa umeshapita msimu wa kuipokea. Tangu mwaka 1959 ilijulikana kwamba homoni za tumboni kwa mama huupanga ubongo wa kijusi. Sisk na wenzake walionyesha kwamba balehe ni msimu wa pili wa kupangwa.

Sasa tuje kwenye kile kinachotuumiza kichwa majumbani. Homoni zinapopanda, mzunguko wa ubongo unaotafuta raha na malipo, ule unaoendeshwa na dopamini, huwa mwepesi kuwaka. Sifa kutoka kwa rafiki, ushindi mdogo, jambo jipya, vyote huwa vitamu kuliko vilivyokuwa utotoni na kuliko vitakavyokuwa ukubwani. Sehemu ya mbele, ya kujizuia, haijafika huko. Laurence Steinberg wa Chuo Kikuu cha Temple na wenzake walilipima hilo kwa watu zaidi ya 5,000 wenye miaka 10 hadi 30 katika nchi 11, na Kenya ilikuwa mojawapo. Huko vijana walitoka Kisumu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha hamu ya msisimko ikipanda hadi kilele karibu na miaka 19, kisha ikishuka, huku uwezo wa kujitawala ukipanda polepole hadi katikati ya miaka ya ishirini. Mstari haukufanana kila nchi, ila umbo lilijirudia katika nyingi. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu nimesikia mara nyingi watu wakisema ujana wa namna hii ni mambo ya Wazungu.

Jaribio moja la mwaka 2005 lingestahili kuonyeshwa katika kila kikao cha wazazi. Margo Gardner na Steinberg waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta: taa ikigeuka njano, unasimama au unapita? Wengine walicheza peke yao, wengine wakiwa na marafiki wawili wakitazama. Watu wazima waliendesha vilevile katika hali zote mbili. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walipotazamwa na wenzao walijihatarisha karibu mara mbili ya walivyofanya wakiwa peke yao. Walikuwa watoto walewale, wanaoijua sheria ileile. Picha za ubongo zilizofuata miaka michache baadaye zilionyesha kwamba macho ya marafiki huuwasha ule mzunguko wa malipo.

Simama kando ya barabara ya mtaa wowote Jumamosi jioni utaliona jaribio hilo bila kompyuta. Kijana aliye peke yake juu ya bodaboda hupunguza mwendo kwenye tuta, hutazama kushoto na kulia. Dakika kumi baadaye kijana huyohuyo anapita amepakia mishikaki, wenzake wawili nyuma, mmoja amesimama juu ya vikanyagio na mikono hewani, na tuta lile hawalioni kabisa. Ukimshika na kumuuliza kama ni hatari atakujibu vizuri kuliko wewe. Hakukosa elimu. Mafunzo yetu ya usalama barabarani, ya mimba na ya dawa za kulevya hutolewa darasani, kijana akiwa ametulia, halafu tunashangaa kwamba hayakufika kule ambako wenzake wapo.

Kuna jambo moja linalopunguza moto huo. Utafiti wa mwaka 2016 kwa vijana wa kiume wa miaka 18 hadi 22 uligundua kwamba kundi la rika moja likitiwa mtu mmoja aliyewazidi miaka michache, maamuzi yao hurudi kuwa ya tahadhari kama vile kila mmoja yuko peke yake. Hakuwa mzazi wala askari. Alikuwa kaka wa kundi.

Wazee wa pwani walilijua hilo bila MRI. Mwari hakufundwa na mama yake; alikuwa na somo wake, mwanamke mkubwa kuliko yeye ambaye angeweza kuulizwa yale ambayo mama hawezi kuulizwa, na juu yao kulikuwa na kungwi. Wavulana wa jando waliwekwa kambini pamoja, wakapewa maumivu na majaribu mbele ya wenzao, huku watu waliowatangulia wakiwa hapohapo. Hatari ilipewa mahali na mwangalizi. Simaanishi kwamba kila lililofanyika humo lilikuwa jema. Ukeketaji wa wasichana unaofanywa katika baadhi ya jamii zetu ni ukatili, na unyago uliomtoa binti wa miaka 12 ndani kumkabidhi kwa mume ulimdhulumu. Ila tumeuacha muundo wenyewe pamoja na madhara yake. Somo ameondoka na nafasi yake haikuchukuliwa na mtu. Imechukuliwa na simu, na simuni wamejaa rika lake tupu.

Tena wapo watoto wasiopata hata usingizi. Saa ya mwili nayo hubadilika wakati wa balehe. Melatonini, homoni inayoleta usingizi, huanza kutoka kwa kuchelewa, kwa muda wa hadi saa mbili, kuliko ilivyokuwa utotoni. Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown ametumia miaka mingi kulithibitisha hilo. Kijana anayegeukageuka kitandani saa tano usiku hana jeuri, na kesho yake asubuhi akiwa haamki si mvivu. Anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi.

Nenda Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, saa kumi na moja alfajiri. Giza bado. Watoto wenye sare wamesimama kando kidogo ya abiria wengine kwa sababu konda atachukua wanaolipa nauli kamili kwanza. Gari la tatu au la nne ndipo wawili watatu wanaruhusiwa kupanda. Mvulana wa kidato cha kwanza, shati limemzidi mabega, anashika bomba la juu kwa mkono mmoja, anaegemeza paji la uso kwenye mkono huo, na kabla gari halijafika kituo kinachofuata amelala wima. Paji lile ndilo lenye ile sehemu ya mbele ya ubongo. Saa moja na nusu atakuwa kwenye mstari wa paredi, na akichelewa atachapwa.

Mwaka 2014 Akademia ya Madaktari wa Watoto ya Marekani ilishauri shule za sekondari zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Seattle ilisogeza muda wake mwaka 2016, na watafiti waliowavisha wanafunzi vifaa vya mkononi wakakuta wamelala dakika 34 zaidi kwa usiku, hawakuzitumia kukesha. California imeliweka jambo hilo katika sheria tangu 2022. Najua usafiri wetu na foleni zetu vina matatizo yake, lakini kengele ya shule ni kitu kilichowekwa na watu, na watu wanaweza kuisogeza.

Yapo pia maradhi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba nusu ya matatizo ya afya ya akili ambayo mtu huyapata maishani huwa yameanza kufikia miaka 14. Kabla ya balehe wavulana na wasichana hupata sonona kwa kiwango kinachokaribiana. Baada yake wasichana hufikia karibu mara mbili ya wavulana, na msichana aliyebalehe mapema kuliko wenzake yuko hatarini zaidi. Homoni ni sehemu ya sababu. Sehemu nyingine ni sisi. Mtoto wa miaka 10 mwenye mwili wa miaka 16 hupokea macho, maneno na mikono ya watu ambao wenzake hawajakutana nao, akiwa na uwezo wa miaka 10 wa kuyabeba.

Nchini Tanzania swali la lini mtoto huwa mtu mzima lilifika mahakamani, ingawa kwa njia ya Katiba na haki. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, huku umri wa mvulana ukiwa 18, na mahakama iliweza kuidhinisha ndoa ya mwenye miaka 14. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alifungua shauri, Mahakama Kuu ikampa ushindi mwaka 2016, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo. Mwaka huohuo Bunge lilishusha umri wa kupima VVU bila ridhaa ya mzazi hadi miaka 15, na nikawasikia watu wakiuliza: mnamwona mkubwa kwa kipimo, mbona ni mtoto kwa ndoa?

Jibu limo katika kazi ileile ya nchi 11. Katika uchambuzi wao wa mwaka 2019, watafiti walitenganisha aina mbili za ukomavu. Kufikiri kwa utulivu, kupima hoja, kukumbuka na kulinganisha, hufikia kiwango cha mtu mzima karibu na miaka 16. Kujizuia pale penye joto, hofu, shinikizo au mapenzi huja baada ya 18, na kwa wengi miaka mingi baadaye. Kipimo cha VVU hufanyika mezani, mshauri akiwa amekaa mbele yako, una muda wa kuuliza na kughairi. Ndoa ya miaka 15 huamuliwa na wajomba sebuleni, mahari ikiwa imeshatajwa. Kijana anaweza kuaminiwa kwa la kwanza na kukingwa na la pili, bila kupingana popote.

Kwa hoja hiyohiyo Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 ilifanya vema kupandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Na kwa hoja hiyohiyo tuwe waangalifu na ile namba ya 25 inayozagaa mitandaoni, kwamba ubongo hukomaa siku ya kuzaliwa ya 25. Hakuna picha iliyowahi kuonyesha mstari huo. Mabadiliko huendelea polepole, watu hutofautiana, na hakuna mashine inayoweza kumtazama kijana mmoja ikasema huyu amekomaa. Namba hiyo isitumiwe kuwanyamazisha vijana wa miaka 19 wanaosema jambo la maana.

Utafiti wa afya wa taifa wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata mimba. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilikuwa imetangaza kwamba wanafunzi wa namna hiyo wanaweza kurudi katika shule za kawaida, baada ya miaka mingi ya kufukuzwa. Msichana anayerudi kidato cha tatu akiwa na miaka 17 na mtoto mgongoni bado ana miaka ya ujenzi mbele yake. Maungio yanaendelea kuchujwa, mayelini inaendelea kuvikwa, na kemia anaielewa sawa na aliyekaa naye dawati moja. Kinachomshinda ni mtoto anayelia saa nane usiku na kengele ya saa moja na nusu. Bibi anayemchukua mjukuu chumbani kwake usiku wa kuamkia shule, na mwalimu mkuu anayemruhusu mama huyo mdogo aingie kipindi cha pili bila fimbo, wanamrudishia saa tatu nne za usingizi, na ni katika saa hizo ubongo wake unakihifadhi alichojifunza mchana.